Nukta Nyekundu kwenye Kadi ya Hadassa

Butembo, upande wa Rughenda,
Jumapili, 17 Februari 2002.

Mpendwa mdogo wangu Abigaïl,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Nisamehe kwa kimya cha mwaka mmoja na miezi mitatu. Ningeweza kukuambia kwamba ni vita, kwamba barabara ya Kasindi ni mbaya, kwamba sikupata mtu wa kubeba barua. Hayo yote ni kweli, lakini wafanyabiashara wa hapa huenda huko kwenu Kampala na kurudi kila wiki, na wengi wao nilifundisha watoto wao. Sababu ya kimya ni mimi mwenyewe.

U hali gani? Miguu yako bado inavimba mvua zinapoanza? Shemeji Edmond anaendeleaje na kifua chake? Na Ésaïe, amemaliza masomo, au vitabu vimemchosha kama vilivyomchosha baba yake? Niambie yote, hata madogo. Mimi ni mzima kwa kadiri ya miaka yangu sabini na mmoja. Macho yamepungua, jino moja limeniaga, na magoti hunung'unika asubuhi kwa ajili ya baridi yetu hii unayoijua. Nakula na ninalala.

Kabla ya habari nyingine, niliondoe jiwe lililo kati yetu. Mke wangu Adèle alipofariki, uliniandikia kurasa mbili za kunifariji. Nilikurudishia kurasa zile zile, makosa yake yamepigiwa mstari, na chini niliandika: "Soma upya upatanisho wa ngeli." Sikuongeza neno jingine. Nimefundisha sarufi miaka thelathini na minane katika shule za misheni, na juma lile sikuwa na kitu kingine cha kushika mkononi. Najua kwamba hilo halitoshi kuwa udhuru. Barua yako ilikuwa nzuri, Abigaïl. Uliandika kwamba Adèle alikuwa akicheka kabla ya mzaha kwisha. Hakuna mtu mwingine aliyelikumbuka hilo.

Sasa habari. Mwishoni mwa Oktoba nyumba yangu ilipata watu. Léa, mke wa mwanangu Ariel, alifika kutoka Beni akiwa na mtoto mchanga na furushi moja. Walikuwa wakikaa Eringeti, kama unavyojua, wakilima na kuuza mchele. Ariel alikwenda Manguredjipa mwezi wa saba kutafuta riziki kwenye dhahabu, akamwacha mkewe mjamzito. Watu wenye silaha walipofika Eringeti, Léa alikimbia na wenzake mpaka Beni, na huko ndiko alikojifungua, tarehe tisa Septemba. Ni msichana. Alimwita Hadassa. Tangu Novemba hatujapata neno lolote la Ariel. Nimetuma salamu mara tatu kwa watu wa kanisa waendao Manguredjipa, na hakuna aliyemwona, wala aliyesikia kwamba amekufa. Tunaishi kati ya maneno hayo mawili.

Hadassa alizaliwa akitanguliza matako. Alipotimiza wiki sita, Léa alimpeleka kliniki huko Beni kwa chanjo. Muuguzi alimlaza, akayakunja magoti yake, akayafungua kwa nje polepole, na upande wa kushoto akasikia kitu kikiteleza. Mikunjo ya mapaja pia haikulingana. Alimwambia Léa kwamba nyonga ya mtoto haijakaa mahali pake, akaandika maagizo kwenye kadi, akaita mama mwingine. Walikuwa zaidi ya mia moja wakingoja, wengi wao wakimbizi. Kesho yake Léa alipata lori la kuja Butembo.

Nakuandikia maagizo yale herufi kwa herufi, kwa maana kila kitu kimetoka hapo: "Miguu kuachanisha hapana kufunga miezi tatu."

Léa hakusoma sana. Alinipa kadi mimi. Wewe, uliyekulia katika nyumba moja nami, unajua ninavyokidharau Kingwana, Kiswahili hiki cha mjini. Nilitikisa kichwa juu ya mtu aliyesomeshwa anayeandika hivyo. Nikachukua kalamu yangu nyekundu, nikageuza "tatu" kuwa "mitatu", kisha nikatia nukta mahali nilipoona imesahauliwa, baada ya neno "hapana". Ikawa: "Miguu kuachanisha hapana. Kufunga miezi mitatu." Nikamfasiria Léa kama mtu anayetoa somo: usiache miguu yake ikaachana, mfunge kwa miezi mitatu.

Lakini unajua watu wetu wanavyosema. Kwao "hapana" hutangulia tendo na kulikataza. Hapana kwenda, maana yake usiende. Hapana kufunga, maana yake usifunge. Muuguzi aliandika: achanisheni miguu, msiifunge, kwa miezi mitatu. Mtoto yeyote wa sokoni angelisoma hivyo.

Léa alijaribu. Aliniambia, "Papa, ile infirmière alinionyeshaka ingine. Alitiaka kitambaa katikati ya miguu."

Nilimjibu kwamba kilichoandikwa kimeandikwa.

"Mais Papa, alinionyeshaka na mikono yake."

Nilimuuliza ni nani aliyesoma kati yetu wawili. Tangu siku ile alimfunga mtoto miguu imenyooka, imebanana, kwa vitambaa vya Adèle nilivyovipasua mimi mwenyewe. Nikamkataza kumbeba mgongoni, kwa sababu mgongoni miguu huachana. Mwanamke wa kwetu akazunguka na mtoto mikononi kama mtu aliyebeba kuni, huku majirani wakitazama. Nami nilikagua kila asubuhi kama mafundo yamekaza. Nilifurahi, Abigaïl. Sitakuficha hilo. Tangu Adèle aondoke nilikuwa nikizungumza na redio tu. Sasa nilikuwa na kazi asubuhi.

Mtoto alilia wiki mbili za kwanza, kisha akazoea. Sasa najua kwamba kuzoea kwake hakukuwa dalili njema.

Tulifanya hivyo wiki kumi na moja. Katikati ya Januari kulikuwa na chanjo nyingine, na safari hii Léa alikwenda hospitali yetu hapa mjini. Mimi nilimsindikiza ili nieleze. Daktari ni Mathe, yule mtoto mwembamba wa darasa langu la tano aliyekuwa akiketi dirishani. Sasa ana mvi. Alimfungua Hadassa, akaukunja mguu wa kushoto, akajaribu kuufungua, nao ukagoma nusu ya njia. Akajaribu wa kulia. Kisha akaomba kadi. Akaisoma muda mrefu kuliko inavyostahili sentensi moja.

"Mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini, "hii rangi naijua."

Akamrudishia Léa kadi, si mimi.

Nikueleze ugonjwa wenyewe kama alivyonieleza, ili usisikie mambo ya mitaani. Nyonga ni kama mpira uliokaa ndani ya kikombe. Mpira ni kichwa cha mfupa wa paja. Kikombe kiko kwenye kiuno. Watoto wengine huzaliwa kikombe hakina kina, na mpira huteleza ukingoni au kutoka kabisa. Si laana, wala mama hakukosea chakula wala njia. Huwapata zaidi wasichana, wazaliwa wa kwanza, na wale waliotanguliza matako. Hadassa ni hao wote watatu. Ila mifupa ya mtoto mchanga ni laini kama udongo wa mfinyanzi. Ukiyaacha mapaja yamekunjwa na kuachana, mpira huzama katikati ya kikombe, na kikombe hujichimba chenyewe kuufuata. Ukiinyoosha miguu na kuibana, unausukuma mpira nje kila saa ya mchana na ya usiku.

Nilimuuliza ingekuwaje kama tungemwacha bila dawa, Léa akambeba mgongoni kwa kikwembe chake tangu Beni kama mama zetu walivyotubeba. Alisita, kwa sababu ya heshima. Kisha akasema kwamba hawezi kuapa, lakini mtoto mgongoni hukaa na magoti juu na mapaja yamezunguka mbavu za mama, na hivyo ndivyo hasa mkao anaoutafuta daktari. Kwa nyonga kama hizo, alisema, ile ni nusu ya matibabu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi mbele, Léa nyuma. Aliponifikia mlangoni nilimwambia, "Nimekosa mimi. Wewe ulisema kweli." Alikuwa tayari amejitupia mtoto mgongoni, na Hadassa amelaza shavu lake hapo kama mtu aliyefika kwao.

Mtaa ulijua kabla ya jioni. Jirani yetu Maliro, mjane, mzee wa kanisa, unamkumbuka kwa ulimi wake, alikuja na kikapu cha viazi, akaketi, akaniangalia. "Mwalimu, ile ya kusema 'niliyoandika nimeandika' ni ya Pilato. Hapana ya Petro." Kisha akacheka mpaka akajifuta macho, akaniachia viazi. Nilikasirika siku mbili. Baadaye nilimshukuru, maana yeye peke yake ndiye aliyenitukana usoni.

Kwa kuwa Hadassa alikuwa bado na miezi minne, Dokta Mathe alijaribu mikanda. Inapita mabegani na kushika miguu, ikiyaweka magoti juu na kuyaachanisha mapaja, na mtoto bado anaweza kurusha miguu. Hapa haipatikani. Daktari aliichora, na fundi wa viatu akaishona kwa turubai na vifungo vya mikoba ya shule. Mtoto alifanana na chura. Watoto wa jirani walikuja kumcheka, naye akawacheka wao. Usiku na mchana hatukuifungua ila mbele ya daktari. Mkanda mmoja ulipolegea, Léa alinipita moja kwa moja, akaenda kwa fundi.

Baada ya wiki tatu daktari alimpiga picha ya mifupa, siku ambayo jenereta ya hospitali ilikuwa na mafuta. Nyonga ya kulia imekaa vizuri, Mungu asifiwe. Ya kushoto iko nje. Akaamuru mikanda ivuliwe. Nilidhani atasema tuendelee mwezi mwingine, kwa maana mimi ni mtu wa kuendelea, lakini alikataa: mpira usioingia, ukizidi kulazimishwa katika mkao ule, unazidi kukwaruza ukingo wa kikombe, na damu inayoulisha mfupa inaweza kukatika, na mfupa ukafa. Kwa sababu hiyo hiyo alikataza tusimpeleke kwa fundi wa kuvuta mifupa, jambo ambalo watu watatu wa mtaa walikuwa wamelishauri. Huu si mfupa ulioteguka kwa kuanguka.

Siku hiyo, Alhamisi ya tarehe saba, majeruhi waliletwa kwa lori kutoka barabara ya Beni. Daktari hakuweza kukaa nasi. Alimwambia Léa ambebe mtoto mgongoni wakati wa kungoja, na yaliyobaki akayaandika kwa Kifaransa kwenye karatasi, akanipa. "Mwalimu atakufasiria," akamwambia.

Hapa, mdogo wangu, ndipo ninapoona haya kuliko penye nukta.

Karatasi ile yasema hivi. Kazi inayotakiwa sasa ni kumlaza mtoto kwa dawa ya usingizi, kuurudisha mpira ndani kwa mikono bila kupasua, kisha kumfunga plasta ngumu kutoka kifuani hadi miguuni, mapaja yameachana, na tundu la kumsafishia. Atakaa humo miezi mitatu au zaidi, plasta ikibadilishwa katikati. Hapa Butembo hakuna mtu wa kumlaza usingizi mtoto mdogo hivyo. Goma kulikuwa na nafasi, lakini njia imekatwa na mstari wa vita, na mwezi uliopita volkano imepita katikati ya mji. Kumebaki Kampala. Au kungoja daktari wa upasuaji anayekuja kwa ndege ndogo hapa Rughenda mara moja kwa mwaka. Anatazamiwa mwezi wa sita, ikiwa ndege itaruhusiwa kutua. Mwaka jana haikuruhusiwa. Hadassa atakuwa na miezi tisa, na bado kuurudisha kwa mikono kunawezekana, ila mlango unazidi kuwa mwembamba. Akishaanza kutembea, itabidi kupasua, pengine na kukata mfupa wa paja. Asipotibiwa kabisa, atatembea, lakini kwa kuchechemea, mguu mmoja mfupi, na maumivu kabla hajawa mama wa watu. Chini daktari amepiga mstari: "Kampala, mapema iwezekanavyo."

Nilisoma karatasi hiyo njiani. Niliielewa mara ya kwanza. Nami sikumfasiria Léa.

Alhamisi nilimwambia kwamba macho yangu yamechoka. Ijumaa nilisema mwandiko wa madaktari ni mbaya. Jumamosi na Jumapili sikusema kitu. Niliketi mbele ya nyumba na karatasi mfukoni, nikisikia mtoto akijifunza kusema "ba, ba" ndani. Nilijua kwamba siku nitakayoisoma kwa sauti, siku hiyo nyumba hii itaanza kuwa tupu. Kiti cha Adèle, anachokalia Léa sasa, kingerudi kuwa kiti tu. Ningerudi kupika maharagwe ya watu wawili kwa sababu sijui kupima ya mmoja. Ile nukta niliitia kwa kiburi, nikidhani ninatenda haki. Siku hizi nne nilizikaa huku nikijua.

Jumatatu asubuhi Léa alikuwa akimwogesha mtoto kwenye beseni. Hakuniuliza tena juu ya karatasi. Alikuwa akimwambia Hadassa, si mimi, kwa sauti ya mchezo: "Kama dawa haiko, haiko. Utatembea na fimbo. Mutafwatana na sokulu yako, yeye na yake, weye na yako, bote babili ku kanisa, tok, tok, tok."

Mtoto alicheka kwa ile "tok". Mimi, babu mwenyewe wa fimbo, niliingia ndani, nikaitoa karatasi, nikarudi, nikaisoma yote mbele ya beseni. Nikasema pia tangu lini nilikuwa nimeielewa.

"Siku ine, Papa?"

Nikasema ndiyo.

"Siku ine," akarudia. Akamfuta mtoto, akamfunga mgongoni, akachukua kikwembe cha pili, akaenda kwa Maliro. Hakupiga mlango. Afadhali angepiga.

Walikaa huko siku mbili. Sikuwafuata. Umbali ni hatua hamsini, na nilikuwa nikisikia mtoto akilia na kunyamazishwa, kama mtu asikiavyo ibada akiwa nje ya kanisa. Maji yalibaki kwenye beseni. Sikuyamwaga.

Jumatano alirudi. "Nimerudia juu ya maji ya moto ya mutoto, hapana juu yako," aliniambia kabla sijafungua kinywa. Nyuma yake alikuwa Maliro, ambaye amesoma Kifaransa kidogo, akiwa amekunja mikono. Léa akataka niisome karatasi tena, neno kwa neno, Maliro akisikiliza, na niisome kwa lugha yake, si kwa yangu. Nikafanya hivyo. Sijasema Kingwana mbele ya watu tangu nilipokuwa kijana, na nadhani nilikisema vibaya, kwa sababu mara mbili Maliro alinisahihisha. Kwa plasta nilikosa neno kabisa, nikaonyesha kwa mikono juu ya kifua changu na mapaja yangu, na ndipo Léa alipocheka kidogo kwa mara ya kwanza, kisha akajikaza.

Nilipomaliza nilianza kusema maoni yangu. Alinikatiza: "Acha, Papa. Hii miye njo nitafikiri."

Sasa ni siku ya tano anafikiri. Najua anachokipima kwa sababu amemwambia Maliro. Anaiogopa barabara, kama sisi sote. Anaogopa kukaa miezi katika mji ambao hajui lugha yake, na mtoto mzito kama jiwe mikononi. Lakini kubwa kuliko hayo ni Ariel. "Ariel akirudia, atatukuta wapi?" Hivyo ndivyo alivyosema. Yeye anaona kwamba akivuka mpaka, amekiri kwamba mumewe hatarudi. Mimi nina la kumjibu: kwamba nitakuwa hapa, kwamba nitamwambia Ariel walipo, na nitamwambia pia kwa nini ilibidi waende, nukta na siku nne, kabla hajaketi. Nimemwambia hilo mara moja, na sitalirudia. Nimekwisha kumchagulia mara mbili, kwa kusema na kwa kunyamaza.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, ili akisema ndiyo, kuwe na mlango huko. Je, wewe na Edmond mnaweza kuwapokea, labda mpaka mwezi wa saba au wa nane? Ulizia kwenye hospitali kubwa ya huko kama wanaifanya kazi hii kwa mtoto wa miezi sita, na kama mama huruhusiwa kulala kando ya kitanda. Uliza jinsi ya kumsafisha mtoto aliye ndani ya plasta bila kuilowesha, na jinsi ya kumbeba, maana hataingia mgongoni tena kwa muda huo, na hilo litamuumiza Léa. Picha ya mifupa ataibeba yeye mwenyewe. Kadi pia. Dokta Mathe alitaka kumpa kadi mpya. Léa alikataa, akasema hiyo hiyo iende, daktari wa huko aione. Sikupinga.

Usimwandikie Léa kumshawishi. Mwandikie tu kwamba kuna kitanda, kama kipo. Andika kwa Kingwana, kama mlivyokuwa mkisemezana siku ya arusi yake. Akitaka nimsomee, nitasoma kama ilivyo. Akitaka Maliro amsomee, nitatoka nje.

Kuhusu Hadassa mwenyewe ungependa kujua. Ana macho ya mama yetu, yale yanayotazama mtu mpaka anajirekebisha shati. Hutia vidole viwili kinywani, si kimoja. Tangu avuliwe mikanda amegundua kwamba akisukuma kwa mguu wa kulia anarudi nyuma kwenye mkeka, na hivyo huzunguka kama mshale wa saa, akishangaa kila mara anapokutana nami tena. Mguu wa kushoto huufuata mwingine, haujasukuma bado. Hakuna anayeweza kumwangalia muda mrefu bila kuuangalia mguu ule. Najaribu kumwangalia usoni.

Naomba waende, Abigaïl. Nimekiandika kifungu hiki na kukifuta mara tatu, na sasa nakiacha. Naomba apone, na njia ninayoiona ya kupona ni ile inayoondoka hapa. Nikiomba hivyo kila asubuhi, kuna mtu mwingine ndani yangu anayeomba kwa sauti ya chini kwamba ndege ya mwezi wa sita itue. Wewe omba kwa sauti kuliko yeye.

Mpe mkono shemeji Edmond, mwambie ajifunike kifua. Msalimie Ésaïe, na wazee wa kwetu mnaosali nao huko. Maliro anasema uendelee kunenepa, ni maneno yake. Barua hii anaileta Mama Vagheni, muuza vitenge. Anaondoka Alhamisi na atarudi baada ya majuma mawili, umpe jibu lako mkononi. Bwana awalinde mnapotoka na mnapoingia, awape amani ambayo sisi huku tunaisikia tu ikitajwa.

Siku Léa atakapokata shauri, liwe la kwenda au la kubaki, nitakuandikia siku hiyo hiyo. Na kama atataka kukuandikia mwenyewe, nitampa karatasi na meza, kisha nikae mbali mpaka amalize.

Ni mimi kaka yako, akupendaye na kukukumbuka,

Onésime Kambere